Waliokula Mayai Ndio Walioanza Kuhesabu

Tangu mwaka 1975, kila barafu inapoyeyuka na bata kurudi, watafiti hulizunguka ziwa Mývatn, kaskazini-mashariki mwa Aislandi, wakiwa na darubini, na kuwahesabu bata mwitu kipande kwa kipande cha ziwa mpaka waumalize mzunguko. Kazi hiyo iliasisiwa na kuongozwa kwa miongo kadhaa na wanabiolojia wawili, Arnþór Garðarsson na Árni Einarsson, na ni miongoni mwa hesabu ndefu zaidi duniani za bata wa ziwa moja. Maandishi mengi ya uhifadhi huanzia hapo: wataalamu wakaja, wakahesabu, ziwa likapata mlinzi. Mimi nashikilia kwamba kisa hiki kilianza zaidi ya miaka elfu moja kabla ya wataalamu hao, na walioanza ni wale waliokuwa wakiwavuna bata hao kwa ajili ya chakula. Sayansi ilifaulu Mývatn kwa sababu iliikuta desturi ya kuvuna kwa kipimo na ya kukumbuka kilichovunwa. Pasipokuwa na mvunaji anayejua alichochukua, mtaalamu huhesabu nusu ya jambo tu, na nusu iliyobaki humpotea.

Ziwa lenyewe si kubwa. Lina eneo la kilomita za mraba 37 hivi, na kina chake cha wastani ni kama mita mbili na nusu. Lilizaliwa yapata miaka 2,300 iliyopita, pale zaha ya volkano ilipotiririka na kuziba bonde. Chemchemi zinazochomoza kwenye zaha hiyo, nyingine baridi na nyingine vuguvugu, huleta maji yenye silika na fosfori nyingi, na kwa kuwa ziwa ni la kina kifupi, jua hufika mpaka chini. Mwani mdogo uitwao diatomu hustawi kwenye tope, viluwiluwi vya usubi hula mwani huo, na bata hula viluwiluwi. Msomaji aliyewahi kuona kungu wa Ziwa Nyasa wakipanda juu ya maji kama moshi wa shamba linaloungua anaweza kuiona Mývatn akilini, maana huko nako usubi hupanda hivyo hivyo, mara mbili katika majira ya joto, na kujaa ufukweni mpaka mtu hawezi kufumbua kinywa. Usubi wa ziwani wenyewe hauumi. Wanaouma ni inzi wadogo weusi wa mto Laxá, unaotoka ziwani kuelekea baharini, nao pia ni chakula cha bata. Kwa sababu ya karamu hiyo, spishi za bata zisizopungua 13 hutaga katika eneo moja dogo. Miongoni mwao yumo bata wa jicho la dhahabu ambaye wenyeji humwita húsönd. Ndege huyo ni wa Amerika Kaskazini, na katika Ulaya yote anazaliana hapo tu na kandokando yake.

Walowezi walifika Aislandi katika miaka ya 870, na haikupita muda wakapanda mpaka Mývatn, ijapokuwa iko mbali na bahari na barafu hulifunika ziwa karibu nusu ya mwaka. Wanaakiolojia waliochimba majalala ya mashamba ya kale ya huko, kama Hofstaðir, Sveigakot, Hrísheimar na Skútustaðir, walikuta maganda ya mayai ya ndege wa majini katika tabaka za wakati wa walowezi wa mwanzo na za karne zilizofuata. Mifupa ya bata wenyewe ilikuwa michache sana. Hapo ndipo ushahidi wangu unapoanzia, kwa kuwa takataka za jikoni hazijui kusema uongo: familia hizo zilikula mayai mengi, zikawaacha mama zao.

Mtu makini atauliza kama maganda hayo yanathibitisha chochote. Pengine bata wakubwa walikuwa wagumu kukamatwa, au pengine mifupa yao myembamba ilioza. Hoja ya pili inajibiwa na majalala yenyewe, kwa kuwa ndani yake mna mifupa tele ya ndege wengine, hasa wale wa jamii ya kwale wanaoishi nyikani. Mifupa ya kwale ikidumu kwenye udongo ule, ya bata isingeyeyuka. Hoja ya kwanza inajibiwa na tabia ya bata. Jike aliyeatamia hukaa kwenye kiota mpaka mtu amkaribie kabisa, na akiruka hurudi palepale. Hiyo ni miongoni mwa saa ambazo bata ni rahisi zaidi kukamatwa, na ndiyo saa ambayo mchuma mayai husimama mbele yake. Watu waliofika kwenye kiota, wakachukua mayai na kumwacha jike, walikuwa wamechagua kufanya hivyo. Chaguo hilo lilirudiwa kizazi baada ya kizazi mpaka likaingia kwenye nyaraka. Mwanzoni mwa karne ya 18, Árni Magnússon na Páll Vídalín walipoandika daftari kuu la ardhi ya Aislandi, shamba kwa shamba, mazalio ya ndege ya Mývatn yalihesabiwa pamoja na malisho na uvuvi kuwa sehemu ya thamani ya shamba.

Kanuni yenyewe ilikuwa fupi: acha mayai manne kiotani. Ni vema tuitazame kwa karibu, maana ufupi wake unaficha maarifa mengi. Jike la bata hutaga yai moja kwa siku, na kwa kawaida hufikisha mayai manane hadi kumi kabla ya kuanza kuatamia kwa dhati. Ukimpunguzia akiwa bado anataga, huendelea kutaga. Ukimwachia moja au mawili, huenda akakisusa kiota. Ukichelewa, mayai yameshaanza kuumba vifaranga na hayafai tena kwa chakula. Kwa hiyo mchumaji alilazimika kujua kiota kiko wapi, kimeanza lini, kina mangapi leo na kilikuwa na mangapi safari iliyopita. Alipaswa kurudi kila baada ya siku chache, kukadiria yai lipi ni bichi, kuacha manne, kuyafunika kwa manyoya laini ambayo jike mwenyewe ameyang'oa kifuani, kisha kuondoka upesi kabla baridi haijaingia. Mtu anayefanya kazi hiyo katika viota mamia kila mwaka anahesabu, hata kama hajui kuandika, naye anahesabu kwa undani kuliko darubini yoyote: anajua viota vimeongezeka au vimepungua upande gani wa visiwa vya ziwani, aina ipi imechelewa, na mwaka gani majike wametaga machache kwa sababu chakula kilikuwa haba. Mayai yaliyozidi mahitaji ya siku yalihifadhiwa kwenye majivu, yakaliwa miezi ya baadaye.

Jibu linalotolewa mara nyingi kuhusu desturi kama hii ni kwamba watu wa kale hawakuwa na hekima yoyote, walikuwa wachache tu. Ndege walisalimika kwa sababu mikono ya kuwamaliza haikutosha. Kweli watu walikuwa wachache. Sensa ya mwaka 1703 ilikuta Aislandi nzima ina watu 50,358. Lakini nchi hiyohiyo, ikiwa na watu walewale wachache, inatuonyesha pia kinyume chake. Mwezi Juni 1844, kwenye mwamba wa Eldey, kusini-magharibi mwa Aislandi, wanaume wa huko waliwaua ndege wawili wakubwa wasioruka, wa spishi inayoitwa geirfugl, kwa ajili ya wakusanyaji wa ng'ambo waliokuwa tayari kulipa. Hao ndio wa mwisho wanaojulikana kwa uhakika kuwa walikuwa wakizaliana. Haikuhitajika halaiki ya watu kuifuta spishi hiyo, ilitosha mashua chache na soko. Ni haki kusema kwamba geirfugl alitaga yai moja tu kwa mwaka na hakuweza kustahimili uvunaji wowote mkubwa, wakati bata hutaga mengi na hurudishia. Tofauti hiyo ya maumbile ni kweli. Hata hivyo bata naye huangamia akiuawa kiotani mwaka baada ya mwaka, na wenyeji wa Mývatn walikuwa na kila sababu ya kumuua: milipuko ya volkano ya 1724 hadi 1729 ilimwaga zaha kwenye mashamba yao mpaka ziwani, na mlipuko wa Laki wa 1783 ulileta njaa iliyoua takribani mtu mmoja kati ya watano wa Aislandi. Baada ya yote hayo, bata walikuwa bado wanataga.

Kuna pingamizi jingine ambalo nalipa uzito zaidi. Wapo wasemao kwamba hii haikuwa hifadhi bali ubinafsi wa wenye mashamba. Mayai yalikuwa mali ya shamba, na mwenye mali hutunza mali yake. Nakubali kila neno, na naona hapo ndipo nguvu ya desturi ilipokuwa. Majike wa bata wana mazoea ya kurudi kutaga mahali walipozaliwa au walipotaga mwaka uliopita, wakati mwingine hatua chache tu kutoka kiota cha zamani. Mkulima aliyeacha mayai manne kwenye kisiwa chake alikuwa anajiwekea majike wa miaka ijayo kwenye kisiwa hichohicho. Faida ya kujizuia ilimrudia yeye na watoto wake, haikwenda kwa jirani. Maslahi hayo yaliwafanya wenyeji wafanye zaidi ya kujizuia: walitengeneza matundu kwenye kuta za nyumba na mazizi yao ya mawe na udongo wa nyasi, ili yule bata wa jicho la dhahabu, ambaye kwa asili hutaga kwenye mashimo ya zaha, apate mahali pa kutaga karibu na binadamu. Ndege adimu kuliko wote ziwani akawa jirani wa kondoo. Anayeidharau hifadhi kwa sababu ilianzia tumboni anadai usafi wa nia ambao hakuna ziwa lililowahi kuupata kwa mvuvi wala kwa mwindaji.

Mwisho wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20, baadhi ya mashamba yakawa yanaandika. Mayai yaliyokusanywa yaliwekwa kwenye shajara na vitabu vya hesabu, mwaka kwa mwaka, na kumbukumbu za samaki aina ya trauti waliovuliwa ziwani nazo zikahifadhiwa. Mtaalamu wa ndege Finnur Guðmundsson alikusanya kumbukumbu za aina hiyo na kuchapisha mwaka 1979 makala kuhusu hali ya zamani ya bata wa Mývatn na uvunaji wao. Kumbukumbu hizo zina mapengo, na ni wajibu kuyataja. Idadi ya mayai kwenye kitabu haitoki kwa bata peke yao, hutegemea pia watu wangapi walikwenda kuchuma, hali ya hewa ilikuwaje, na kama mwenye shamba alikuwa mzee au kijana. Shamba likihamwa, safu ya namba inakatika. Lakini kasoro hizo hazivibatilishi vitabu, zinatudai tuvisome kwa akili. Bila kumbukumbu za wenyeji tusingeweza kufuata vizuri, kwa mfano, jinsi bata mwenye kishungi, ambaye alianza kutaga Aislandi mwishoni mwa karne ya 19, alivyoenea na hatimaye kumpita kwa wingi nduguye duggönd, aliyekuwa akitawala ziwa hapo awali. Mtaalamu aliyefika mwaka 1975 bila historia hiyo angedhani kwamba mpangilio alioukuta ndio wa tangu na tangu.

Desturi hiyo nzuri ilikuwa na mpaka, na karne ya 20 iliuonyesha bila huruma. Kanuni ya mayai manne ilitawala mikono ya wenyeji peke yake. Katika miaka ya 1930 minki, mnyama mla nyama kutoka Amerika, aliletwa Aislandi kwa ajili ya mashamba ya manyoya, akatoroka, na kabla ya miaka ya 1960 kuanza alikuwa ameshafika Mývatn. Yeye haachi mayai manne. Nyavu za trauti nazo zilizamisha bata wanaopiga mbizi, jambo ambalo Arnþór Garðarsson aliliandikia makala mapema mwaka 1961. Kisha vikaja viwanda. Mwishoni mwa miaka ya 1960 kiwanda kilianza kunyonya tope la diatomu kutoka ghuba ya kaskazini ya ziwa, na wakati huohuo ukatolewa mpango wa kujenga bwawa kubwa la umeme kwenye mto Laxá. Wakulima walipinga, hawakusikilizwa, na tarehe 25 Agosti 1970 wakalilipua kwa baruti bwawa dogo lililokuwapo kwenye mkono mmoja wa mto. Polisi walipotafuta mkosaji, wakazi zaidi ya 100 walidai kwamba wote walihusika. Mpango wa bwawa kubwa ukafa.

Sitetei baruti. Ninachotaka kionekane ni nani aliyepiga kelele kwanza. Hawakuwa wanaharakati wa mjini wala chuo kikuu, walikuwa watu ambao mto na ziwa vilikuwa kwenye hesabu za mashamba yao. Mwaka 1974 bunge lilipitisha sheria maalumu ya kulinda Mývatn na Laxá, na kutokana nayo kukaanzishwa kituo cha utafiti kando ya ziwa. Mwaka 1977 ziwa liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu zenye umuhimu wa kimataifa. Hesabu ya bata iliyoanza mwaka 1975 ni tunda la mlolongo huo. Inatoka moja kwa moja kwenye mgogoro ambao wavunaji waliuanzisha kwa sababu walijua wana nini cha kupoteza.

Namna ya kuhesabu imebaki karibu ileile tangu mwanzo, na ndiyo siri ya thamani yake. Ziwa na mto vimegawanywa katika vipande, kila kipande kina mahali pa kusimama, na bata wanahesabiwa kwa spishi, madume na majike. Kipindi kinachochaguliwa ni kifupi: bata wawe wamekwisha kufika, na majike wasiwe bado wamejificha wote kwenye viota. Baadaye katika majira ya joto huhesabiwa vifaranga, ili ijulikane kila spishi imelea wangapi. Wakati huohuo mitego ya wadudu kandokando ya maji hupima wingi wa usubi. Vipimo vitatu, basi: bata wanaorudi, vifaranga wanaokua, na chakula kilichopo. Ukipima kimoja tu kwa miaka mingi, unajua kinachopanda na kushuka. Ukipima vyote vitatu kwa pamoja, unaanza kujua sababu.

Sababu hiyo, ilipojitokeza, ilihitaji uvumilivu. Usubi wa Mývatn hupanda na kuporomoka kwa mzunguko wa miaka mitano hadi minane hivi. Mwaka 2008 Anthony Ives pamoja na Árni Einarsson, Arnþór Garðarsson na mwenzao walionyesha katika jarida la Nature ukubwa wa mporomoko huo: kati ya kilele na shimo, idadi ya usubi hupungua mara mamia ya maelfu. Viluwiluwi vikizidi humaliza mwani wao wenyewe, vinakufa njaa, mwani unarudi, na mchezo unaanza upya. Bata hufuata nyuma. Miaka ya usubi mwingi, vifaranga wengi hukua, na kwa baadhi ya spishi majira ya kuchipua yanayofuata huleta bata wengi zaidi ziwani. Miaka ya njaa, majike huonekana wakiogelea bila mtoto hata mmoja. Sasa fikiria mradi wa miaka mitatu, kama ile inayofadhiliwa sehemu nyingi za dunia. Ukianguka kwenye miaka ya kupanda, utaripoti kwamba bata wanastawi na uwindaji uongezwe. Ukianguka kwenye miaka ya kushuka, utaripoti maangamizi na kutaka mavuno yapigwe marufuku. Ripoti zote mbili zingekuwa na namba sahihi, na zote mbili zingepotosha.

Hapa linazuka pingamizi zito kuliko yote dhidi ya hoja yangu. Ikiwa ni chakula kinachoamua idadi ya bata, basi desturi ya mayai manne ilikuwa na kazi gani? Huenda wenyeji walijisifu kwa jambo ambalo usubi ulikuwa unalifanya. Nimelitafakari swali hili, na nadhani hesabu ya miaka 50 inaitetea desturi na kueleza kwa nini ilifaa. Katika mwaka wa kawaida ziwa haliwezi kulisha vifaranga wote ambao mayai yote yangetoa. Sehemu yao hufa kwa njaa wakiwa wadogo. Mayai yanayochukuliwa juu ya manne kwa kiasi kikubwa ni mayai ya vifaranga ambao ziwa lisingewalea. Binadamu huchukua ziada kabla njaa haijaichukua. Lakini ziada hiyo ipo kwa sharti moja, kwamba majike wenyewe wabaki hai, kwa sababu jike mmoja hutaga miaka kadhaa, na mwaka mmoja mzuri wa usubi humlipia miaka mibaya. Desturi iligusa mayai, ambayo yana ziada, ikaacha majike, ambao hawana. Wenyeji wa kale hawakujua mzunguko wa viluwiluwi, ila walipata kanuni inayokubaliana nao. Sheria ya wanyamapori ya Aislandi ya mwaka 1994 iliichukua kanuni hiyohiyo ya mayai manne na kuiandika.

Na majike hao hawako salama kwa kanuni ya Mývatn peke yake. Pete walizovishwa miguuni zimeonyesha kwamba bata wengi wa ziwa hilo, kama wale wenye kishungi na wale wenye vichwa vyekundu na paji la manjano, hupitisha majira ya baridi Uingereza na Ireland, ambako huwindwa kwa bunduki. Bata mmoja anaweza kuachiwa mayai manne na mkulima mwezi Juni, kisha akapigwa risasi mwezi Desemba na mtu ambaye hajawahi kusikia jina la ziwa hilo. Kwa hiyo hesabu ya ziwa moja, hata iwe nzuri namna gani, haitoshi bila hesabu ya wawindaji wa upande wa pili. Ndiyo sababu mwaka 1995 ulipitishwa mkataba wa kuhifadhi ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika, Ulaya na Asia, na Kenya, Uganda na Tanzania nazo zimo. Sisi tuko upande wa kusini wa njia hizo: bata wanaozaliana Ulaya na Asia hushuka kila mwaka mpaka Naivasha na maziwa mengine ya Bonde la Ufa.

Kuhusu kiwanda cha diatomu, hesabu haikumaliza ubishi, nami sitajifanya kuwa ilimaliza. Wataalamu walitofautiana kama kuchimbua tope la ghuba moja kulivuruga mzunguko wa chakula wa ziwa zima. Kiwanda kilifungwa mwishoni mwa mwaka 2004 na usubi haukuacha kupanda na kuporomoka. Lakini ubishi wenyewe uliwezekana kwa sababu kulikuwa na namba za miaka mingi za kubishania. Kwenye maziwa mengi kiwanda huja na kuondoka, na anayedai kuwa ndege wamepungua huambiwa alete ushahidi ambao hakuna mtu aliyewahi kuukusanya.

Kenya huhesabu ndege wa majini katika maziwa ya Bonde la Ufa kila Januari tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwa kiasi kikubwa kwa kazi ya watu wa kujitolea. Ni hazina, na inastahili fedha za kudumu kuliko za mradi. Inakosa kile ambacho Mývatn ilikuwa nacho: sauti ya anayevuna. Wavuvi wa maziwa yetu wanajua bata wangapi hunasa kwenye nyavu zao, mwaka gani walijaa na mwaka gani walitoweka, na wapo wazee wanaokumbuka hali ya miaka ya 1960, kabla ya hesabu yoyote rasmi kuanza. Kumbukumbu hizo hazimo kwenye daftari lolote. Ninawaomba wanaosimamia hesabu za ndege, idara za uvuvi na vyuo vyetu wawafuate watu hao sasa, wawaulize bila kuwatisha kwa sheria, na waandike wanachosema pamoja na jina la ufuko na mwaka. Kila mwaka unaopita bila kazi hiyo kufanyika, baadhi ya wenye kumbukumbu hizo wanazikwa nazo.